Fundi kerezo mwenye mtaji mdogo, nunua kipimo kwanza

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi stadi vya VETA huniuliza wanunue nini kwanza wakitaka kazi za kukereza zinazodai usahihi. Wengi huja wameshapigia hesabu seti ya visu vya kukatia vya kabidi, vile vigumu kuliko chuma. Ninawasihi fedha ya mwanzo iende kwenye maikromita, kipimo cha skrubu kinachosoma hadi 0.01 ya milimita.

Chukua kazi ya kila siku: shafti ya mota inayobeba beringi 6205. Tundu la beringi ni milimita 25. Ili ikae kwa kubana kidogo, kwa kawaida shafti hutakiwa izidi 25 kwa 0.002 hadi 0.015. Venia, kile kipimo cha kutelezesha, inasoma kwa hatua za 0.02, maana yake nafasi yote uliyopewa ni ndogo kuliko mstari wake mmoja. Ukitegemea venia hapo unabahatisha, na beringi ikianza kuzunguka juu ya shafti, mteja harudi. Nunua maikromita ya 25 hadi 50, kwa sababu ile ya 0 hadi 25 inaishia pale pale kazi inapoanza. Lenga 25.01.

Maikromita iliyotumika ya kiwanda kinachoheshimika naiamini kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Ila jina lisikulaze, maana bandia za Mitutoyo, kampuni ya Japani, zimejaa sokoni. Izungushe mwanzo hadi mwisho usikie kama inagoma mahali. Tazama nyuso mbili za kupimia kama zina pengo au kovu. Hakikisha kile kijiti chake cha milimita 25 kipo, na kwamba ukikibana inasoma 25 kamili. Kisha toa mfukoni beringi mpya ya 6202 iliyo halisi na upime kipenyo cha nje: ni milimita 35, na haitakiwi kupungua zaidi ya 0.011. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Na tafadhali, usipime chuma kikiwa moto. Shafti ya milimita 25 ikipanda joto nyuzi 40 inanenepa kama 0.011, karibu nafasi yako yote. Iache ipoe, hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

Baada ya hapo tafuta saa ya kupimia yenye kitako cha sumaku. Ukiwa nayo, hata kwenye chaki kuukuu ya taya nne (kile kishikio cha kazi kwenye mashine), utaweka kazi katikati hadi 0.01 kwa uvumilivu tu.

Visu? Vipande vya HSS, chuma maalumu cha kukatia, vinatosha kwa chuma laini, shaba na alumini. Unavinoa mwenyewe kwenye grainda ya kawaida, huku ukichovya maji. Kabidi inataka jiwe la kijani au la almasi, na kwenye mashine kuukuu inayotetemeka ncha zake humeguka ovyo. Mimi hununua ncha za kabidi chache chache, kazi ya chuma kigumu inapoingia na malipo yake ya awali yakiwa mkononi.