Bakuli limetoka oveni zima, likapasukia kwenye sinki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ijumaa nilioka mkate wa sinia kwenye bakuli la kioo, lile zito la oveni, mwaka wa nne huu nalitumia halijanisumbua hata siku moja. Nimelitoa tu nikaliweka kwenye sinki lililokuwa na maji kidogo, hata sekunde mbili hazijafika likalia paa! vipande mpaka mlangoni, na mwanangu wa mwisho alikuwa kasimama pale pale, Alhamdulillah hakuguswa. Mama mkwe anasema ni jicho la mtu. Sasa kama lilivumilia moto wote ule, limeshindwaje na maji? (Mama wa watatu, Tanga)

JIBU: Marahaba mama, pole sana, la mtoto hilo hata mimi limenishtua.

Kioo kinavumilia joto vizuri tu mradi lipande na kushuka kote kwa pamoja. Bakuli lako lilikuwa kwenye nyuzi 180 hivi, kitako kikagusa maji ya bomba ambayo kwa Tanga tuseme ni nyuzi 28, kitako kikataka kusinyaa hapo hapo na huku juu yake kioo chote bado kina moto, kimetanuka, hakisogei, basi ile ngozi ya chini ikawa inavutwa kama mshono wa nguo iliyobana. Na kioo ukikikandamiza ni kigumu ajabu, ila ukikivuta hakichukui muda, maana hakinyumbuki kama sufuria. Tena kikiwa kinene ndo hatari zaidi, joto linachelewa kupita.

Waliokulia kwenye taa ya chemli wanalijua hili, tulikuwa tunakatazwa kabisa kugusa chimni na kitambaa kibichi wakati taa inawaka, tone moja tu ufa ushapanda mpaka juu.

Na bakuli za oveni zimetokana na taa kweli! Reli za Marekani zilikuwa na shida hiyo hiyo, taa za ishara zina moto ndani, mvua inapiga nje, vioo vinapasuka. Kampuni ya Corning ikatengeneza kioo chenye boroni ndani, kinachotanuka kidogo sana (Otto Schott kule Jena, Ujerumani, alishatangulia kwenye vioo vya aina hiyo), yaani karibu theluthi tu ya kile cha dirishani. Mwaka 1913 mke wa mwanasayansi wao mmoja, Bessie Littleton, akaoka keki ndani ya kitako cha kopo la betri la kioo hicho lililokatwa, ikaiva vizuri, na 1915 vyombo vyao vya kuokea vya kioo, Pyrex, vikaingia sokoni.

Ila bakuli nyingi za siku hizi ni kioo cha kawaida kilichopashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapulizwa hewa baridi ghafla, ngozi ya nje inabaki imekandamizwa na ndani kunavuta. Hizi ukiziangusha zinastahimili, ila ufa ukishafika ndani ile nguvu yote inatoka kwa mpigo, ndo hilo paa ulilosikia.

Kuhusu miaka minne, naomba nikuulize, unasugulia stili waya? Kila mkwaruzo ni mahali pa ufa kuanzia, pitisha ukucha kwenye bakuli ulizobaki nazo, ukikwama hilo liwe la kachumbari tu. Ukitoa oveni weka juu ya taulo kavu au ubao, usiweke kwenye marumaru wala kitambaa kibichi, na likitoka friza liache kwanza ubaridi uishe ndipo uliingize oveni. Kwenye moto wa gesi usiliweke kabisa. Mama mkwe mweleze taratibu, bakuli jingine la moto kwenye maji yale yale nalo lingeweza kupasuka.

Halafu leo, kabla mtoto hajarudi kucheza jikoni, ufagio hautoshi, chukua karatasi ya choo iliyolowa upanguse sakafu yote, pitia na chini ya friji, vile vipunje vya kioo havionekani mpaka viingie mguuni.