Usinunue alteneta kabla ya kukagua mkanda

Ndugu, unasema Corolla yako ya 1998 hupiga yowe asubuhi, taa ya betri huwakawaka kwenye foleni ya Thika Road, na fundi anataka ubadilishe alteneta, ile mashine inayochaji betri. Ngoja kwanza. Mkanda unaoizungusha ukilegea huleta dalili zote mbili: unateleza, unalia, na alteneta haizunguki vya kutosha.

Injini ikinguruma, nyunyizia mkanda maji kidogo upande wa mifereji (vidole na mikono ya shati mbali!). Kelele ikizidi, umelegea, ukazwe. Ikinyamaza kidogo kisha irudi, shuku puli (magurudumu yanayopitiwa na mkanda) zisizokaa mstari mmoja au mkanda uliochakaa. Mkanda ukiwa na nyufa, badilisha tu.

Halafu pima betri kwa mita ya volti. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, isome volti 12.6 hivi; likinguruma, 13.8 hadi 14.5. Injini ikiendelea kunguruma, washa taa kubwa na feni. Ikishuka chini ya 13 na mkanda umekazwa vizuri, hapo alteneta ina kesi ya kujibu. Hata hivyo, mara nyingi ni brashi za kaboni zilizo ndani yake au regulata (kidhibiti cha volti) tu, na fundi mzuri wa umeme pale Grogan, Nairobi, atakubadilishia hizo peke yake.

Fundi yeyote akitaka kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka eti anajaribu alteneta, mkatalie. Anaweza kukuunguzia kompyuta ya gari.