Kabla hujamchukua Great Dane

Usiku ule Jabali, mbwa wangu wa aina ya Great Dane, hakulala. Alizunguka chumbani akijaribu kutapika na hakitoki kitu, mate yanamchuruzika, na nilipomgonga tumboni palilia kama ngoma. Tumbo lilikuwa limejaa gesi na kujipinda, balaa linaloweza kumuua mbwa ndani ya saa chache. Daktari wa mifugo alimpasua usiku uleule, akalirudisha tumbo mahali pake na kulishona kwenye ukuta wa fumbatio lisijipinde tena. Alipona kwa sababu tuliwahi.

Mbwa wenye kifua kirefu chenye kina ndio hupatwa zaidi na maradhi haya, na Great Dane wamo mstari wa mbele. Kwa hiyo mlishe mara mbili au tatu kwa siku badala ya sinia moja kubwa, na akishakula asikimbie. Muulize daktari kuhusu kulishona tumbo mapema, pengine siku ileile anapohasiwa. Ningelijua hilo, Jabali asingeteseka.

Jina la Great Dane, yaani "Mdenmark Mkubwa", huwapotosha watu wakadhani asili yake ni Denmark. La, huyu ni mbwa wa Ujerumani. Alitokana na mbwa wazito wa mapambano waliochanganywa na mbwa wembamba wenye mbio, na mabwana wa huko walimtumia kuwinda nguruwe mwitu. Wale bora walilala chumbani mwa bwana wao wakimlinda dhidi ya wauaji. Mwaka 1878, mjini Berlin, wafugaji walikubaliana aitwe Deutsche Dogge, yaani mbwa mkubwa wa Kijerumani, lakini Waingereza wakang'ang'ania jina lao.

Ukali ule wa mwituni umepungua sana kwa kuchagua wazazi wapole. Jabali hukuegemea kwa uzito wake wote mpaka uyumbe, na hiyo ndiyo namna yake ya kukukumbatia. Dume aliyekomaa hufika sentimita 80 na zaidi begani, na kilo 60 au 70 si ajabu. Zeus, Great Dane wa Marekani, alipimwa mwaka 2011 akakutwa na sentimita 111.8! Basi mfundishe kutembea na kamba angali mdogo, kwa maana akishakuzidi nguvu umechelewa.

Kosa langu jingine lilikuwa haraka. Nilimpa vidonge vya kalsiamu nikitaka mifupa yake ikaze, kumbe kalsiamu ikizidi huiharibu mifupa inayokua. Mpe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, asinenepe, wala usimkimbize masafa marefu kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu hivi.

Wengi huishi miaka 7 hadi 10 tu. Jabali ana minane sasa, na mdomo umeota mvi. Namba ya daktari anayefanya kazi usiku bado nimeibandika mlangoni.