Jibu: Kwa nini siga yangu imenichoma ulimi?

Ndugu, umeuliza kwa nini siga (sigara nene ya majani ya tumbaku) iliyosokotwa kwa mkono, tena ya bei, imekuchoma ulimi na hukupata ladha ila uchungu. Kwa ulivyoeleza, unavuta haraka mno. Siga ikipata moto kupita kiasi, uchungu hufunika kila kitu. Vuta mara moja, subiri kama dakika nzima, ndipo uvute tena.

Moshi ubaki mdomoni, usiushushe mapafuni. Kisha toa kidogo, kidogo sana, kupitia puani. Hapa ndipo wengi wanapokosa uhondo! Ulimi unajua utamu, chumvi, uchachu na uchungu. Harufu ya mwerezi, kahawa, kakao au ngozi iliyotengenezwa huipata pua.

Kabla ya kuwasha, ibonyeze taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye uvimbe mgumu hewa itakwama, penye ulegevu itaungua upande. Kata kichwani, yaani upande unaotia mdomoni, milimita 2 hivi, uvute bila moto uonje tumbaku yenyewe.

Mimi huipima kwa theluthi. Siga nzuri hubadilika: theluthi ya kwanza huwa laini, ya mwisho nzito. Ikibaki ileile mwanzo mwisho, naipunguzia alama hata kama majivu yake ni marefu na meupe.

Uliihifadhi wapi? Unyevu wa hewa mahali hapo uwe kati ya asilimia 65 na 70. Ikikauka huungua kwa kasi na kuwa kali. Na kabla ya kuvuta, kula chakula kwanza, maana nikotini hupenya hata mdomoni na ukiwa na njaa yaweza kukutia kizunguzungu.