Uchovu usioisha kwa kulala: msimu wa korosho ulivyonimaliza na nilivyorudi

Naandika hii mwezi wa nane, upepo wa kusi bado unavuma, mikorosho imetoa maua na wakulima wanamalizia kupuliza dawa ya salfa, na najua kabisa kuna watu huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Tandahimba mpaka Nachingwea, ambao wakiuwaza mwezi wa kumi, msimu wa mauzo unapoanza, tumbo linawavuruga. Makarani wa mizani, wahasibu wa vyama, vijana wa maghalani. Nawaandikia nyie hasa, ila hata kama wewe ni mwalimu au nesi soma tu, utajikuta humu.

Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS. Kwa asiyeijua kazi yetu, mkulima analeta korosho, zinapimwa, anaandikiwa stakabadhi, mzigo unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, hela ikirudi mimi ndo naandaa orodha ya malipo: jina, namba ya akaunti, kilo, makato, kiasi anachopata, alafu inaenda benki. Ukikosea tarakimu moja hela ya mtu inagonga mwamba. Na kila mnada una orodha yake, hujamaliza ya mnada wa pili wa tatu umeshafika mezani.

Msimu ule ulionimaliza nilikuwa naingia ofisini saa moja asubuhi natoka saa tatu saa nne usiku, Jumapili nayo hivohivo, na nikifika nyumbani simu inaanza. Saa tano usiku, saa kumi alfajiri. "Mwanangu, hela yangu mbona haijaingia?" Nilikuwa napokea zote, kwakweli, maana hawa watu nawajua, najua hela ile ni ada ya mtoto, ni mabati, ni deni la dukani la tangu masika, sasa utamwachaje mtu simu iite mpaka ikatike?

Huku kwetu uchovu wa ofisini hauna heshima. Mtu ametoka shambani salfa imemkalia mpaka kwenye kope, macho mekundu, anakukuta umekaa kwenye kiti chini ya feni, wewe utamwambia umechoka nini? Nami nilijiambia hivohivo. Mama yangu amelima maisha yake yote hajawahi kusema amechoka, mimi ni nani. Nikanyamaza, nikaongeza chai ya rangi na zile soda za kuongeza nguvu, mbili kwa siku, usingizi ukapotea kabisa.

Dalili zilikuja taratibu sana. Kwanza mwili, naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala, kichwa kizito, mgongo. Nikadhani malaria. Alafu ikaja akili, najumlisha safu moja ya eksel mara tatu napata majibu matatu. Lakini kitu kilichonitisha ni cha tatu, na hiki nakisimulia vizuri maana najua wengi wanakificha.

Alikuja mzee mmoja dirishani mwezi wa kumi na mbili, kofia yake kaishika mkononi, ana karatasi ya stakabadhi ameikunja mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Wenzake wa mnada uleule wameshalipwa, yeye bado. Hata sikuishika ile karatasi. Nikamwambia nenda benki mzee, mimi usinisumbue. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akupe subira," akaenda akakaa chini ya mwembe. Nikaendelea kutaipu. Sikuona huruma, sikuona aibu, sikuona hata hasira, moyoni kulikuwa kimya tu kama nyumba iliyohamwa. Mimi niliyelelewa kutomuachia mtu mzima shikamoo yake hewani! Jioni nikaangalia orodha nikakuta akaunti yake inaishia 68, mimi nimeandika 86. Kosa langu. Nililirekebisha, nikampigia nikamwomba radhi, na alikuja kulipwa, ila alisubiri siku tisa zaidi ya wenzake kwasababu ya vidole vyangu.

Baadae ndo nikaja kujua hii hali ina jina, kwa Kiingereza wanaiita burnout, yaani kuungua mpaka kuisha, na ina maelezo yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 walipopitisha orodha mpya ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika 2022, waliieleza kama hali inayotokana na stresi ya kazini iliyokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, na wakataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuikinai na kujitenga na kazi yako, na kuona huna unachofanikisha. Mambo yangu yote matatu yapo pale. Wamesema pia kwamba sio ugonjwa, ni hali ya kazini. Mimi hilo neno ndo lilinifungua macho, kwasababu kama chanzo kiko kazini basi dawa yake haiwezi kuwa kitandani peke yake. Na yule daktari wa saikolojia aliyeandika kuhusu hali hii mwaka 1974 kule New York, Herbert Freudenberger, aliiona kwa watu waliokuwa wanajitolea kwenye kliniki ya bure, yeye mwenyewe akiwemo, watu walioipenda kazi. Wanaoungua ni wanaojali. Kwahiyo ukijiona umefika hapo usijiite mvivu.

Sasa nilifanya nini. La kwanza nenda kapime, usijitibu kwa kuhisi. Nilipima malaria hamna, damu ikawa pungufu kidogo, presha juu kwa umri wangu. Uchovu unaweza kuwa wa upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingoni, ujauzito, usiusingizie kazi kabla hujajua.

La pili nilikosea, nalisema ili usilirudie. Mnada wa mwisho ulipoisha mwezi wa kwanza niliomba siku tano tu, nikalala siku tano, nikarudi Jumatatu najiona mzima. Jumatano mikono ilikuwa inatetemeka nikisikia mlio wa simu. Siku tano zilinipunguzia usingizi tu, nilichokirudia kilikuwa kilekile, kiti kilekile, simu ileile, dirisha lilelile. Hapo ndo nilikubali.

Nikaomba likizo yangu yote. Jamani, hii ni haki, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka kwa malipo. Sheria hiyohiyo inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ziada isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na ifanyike kwa makubaliano, na ilipwe mara moja na nusu. Hesabu msimu wako uone. Na kama daktari amekuandikia mapumziko kuna likizo ya ugonjwa, siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili, nusu ya pili nusu mshahara. Mimi nilikuwa sijui hata moja na nimesoma uhasibu.

Nikaenda Mikindani kwa mama mdogo. Wiki ya kwanza sikufanya chochote, nilikula ugali wa muhogo na chukuchuku nikalala, naamka nalia bila sababu, mama mdogo haniulizi, anaweka chai pembeni anaondoka. Nashukuru sana kwa kule kutoulizwa, kama una ndugu yako yuko kwenye hali hii mfanyie hivo, usimpe mawaidha siku za mwanzo.

Wiki ya pili bamvua likaingia, maji yanakupwa mbali mchana, mama mdogo akaniambia twende pwani. Simu akaifungia kabatini. Tukatembea kwenye mwamba maji ya kifundo cha mguu, yeye mbele na chuma chake cha kuchokolea pweza. Mimi naangalia mawe tu sioni kitu. Akanishika bega, akanionyesha tundu dogo mbele yake kuna maganda ya kaa na ya kome yametupwa hivi, mengine bado yanang'aa. "Angalia mlangoni, huyu kala leo, yuko ndani." Nikainama pale sijui dakika ngapi, jua mgongoni, namsikiliza mama mdogo anavyokwangua taratibu, mkono mmoja wa pweza ukatoka, wa rangi ya udongo, ukarudi. Nilipokuja kuinuka nikagundua sijawaza orodha ya malipo hata mara moja tangu tutoke nyumbani. Miezi mitano ilikuwa haijawahi kunitokea.

Sisemi kila mtu akavue pweza. Nasema tafuta kazi ya mikono inayoanza na kuisha siku hiyohiyo, iwe kusuka ukili, kupalilia mbaazi, kupika kwa kuni, chochote ambacho jioni unakiona kimeisha. Kazi zetu za ofisini haziishi, na nadhani hilo linatafuna zaidi kuliko wingi wake. Kulala kwenye kochi unaperuzi simu mimi haikunisaidia hata kidogo, unaamka umechoka vilevile.

Ila kilichoniponya hasa kilikuwa maongezi na katibu wa chama kabla sijarudi. Nililiogopa lile zungumzo kuliko mnada. Niliandika kwenye karatasi ili nisilie, nikamwambia kaka, kazi naipenda, ila kwa namna ile siwezi msimu mwingine, na kosa nililolifanya kwa mzee yule litarudi kwa wengine. Sikumwambia nimechoka tu, nilimpelekea mambo matatu ya kubadilisha. Alikaa kimya, alafu akasema hata yeye halali.

Moja, ubao. Tumeweka ubao mweusi nje ya ofisi, kila mnada una mstari wake: hela haijafika, imefika iko kwenye orodha, imepelekwa benki tarehe fulani. Picha ya ubao inaingia kwenye grupu la wasap la wanachama kila jioni. Kumbe simu nyingi za usiku watu hawakuwa wanataka mimi, walikuwa wanataka kujua tu. Pili, uhakiki wa akaunti tunafanya sasahivi mwezi wa nane na wa tisa, mkulima anakuja na kadi yake ya benki, tunasoma namba wote wawili kwa sauti. Zamani tulikuwa tunayakuta makosa katikati ya msimu moto ukiwa umeshawaka. Tatu, simu ya chama ni ya chama, ina laini yake, saa kumi na mbili jioni inabaki kwenye droo ya ofisi, na msimu ukikolea anaajiriwa kijana mmoja wa kuingiza stakabadhi.

Hili la tatu lilipigiwa kelele. Kuna mjumbe alisema dada mhasibu siku hizi anaringa. Iliniuma, ila sikurudisha namba yangu mezani. Na msimu uliofuata orodha zilitoka na makosa machache kuliko miaka yote niliyofanya pale, kelele zikaisha zenyewe.

Kupona hakukuwa haraka. Likizo ilikuwa mwezi wa tatu, usingizi ulikaa sawa mwezi wa tano, na kumbukumbu naona ilirudi vizuri kwenye mwezi wa saba. Kuna siku unajiona umepona, kesho umeanguka, usiogope. Lakini nisikilize hapa: kama uko likizo wiki tatu nne na bado hakuna kinachokufurahisha, hata wanao, au mawazo ya kufa yanapita kichwani, hiyo imeshavuka mambo ya kazi, nenda hospitali, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, ulizia huduma ya afya ya akili. Usisubiri msimu uishe. Mwambie na mtu mmoja nyumbani akusindikize.

Kama bosi wako sio wa kuelewa, na najua wapo, anza na hicho kimoja kilicho mikononi mwako. Kwangu ingekuwa simu. Andika saa unazofanya kila siku kwenye daftari pia, tarehe na saa, siku ukikaa kuongea unakuwa na kitu cha kuonyesha.

Yule mzee alikuja juzi kwenye uhakiki. Nikamsalimia shikamoo, akaitika, akatoa kadi tukasoma namba pamoja, tukafika mwisho tukasema wote sitini na nane. Akaniuliza mama yako hajambo? Nikamwambia hajambo, nikatoka nje nikamletea kiti.