Umepata kibarua na bado uko TASAF? Usifiche kama nilivyoficha mimi

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Nachingwea. Ana ulemavu wa mgongo, ana watoto watatu, na kaya yake imo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, ule wa TASAF unaozipa kaya masikini ruzuku ya fedha. Mama mmoja mwenye mgahawa amemwita akamenye viazi na kuosha vyombo siku tatu kwa wiki. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, nikienda, jina langu si litakatwa?"

Sikulala vizuri. Swali hilo nililibeba mimi mwenyewe kwa miaka, na sikuthubutu kumuuliza mtu.

Mimi mguu wangu wa kulia ni wa polio, natembea kwa gongo. Kaya yangu iliingia kwenye mpango mwaka 2015, hapa Masasi, baada ya mkutano wa hadhara kutaja majina na dodoso kujazwa. Mume alikuwa ameshaondoka. Nilikuwa na binti wa darasa la kwanza na mdogo wake wa kliniki. Kipindi kile ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila kaya, kaya yenye watoto inaongezewa 4,000, mtoto wa kliniki 4,000, na wa shule ya msingi 2,000. Kwangu ilitimia 20,000 kwa mwezi, nazo zinalipwa kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo kila awamu ya malipo, tunayoiita dirisha, napokea 40,000. Asikudanganye mtu kwamba ni pesa kidogo. Ile ndiyo iliyonunua sare, daftari na debe la unga.

Mwaka 2017 nikapata kazi ya kubangua korosho kwenye kiwanda kimoja kidogo, siku nne kwa wiki. Kubangua ni kazi ya kukaa, mguu hausumbuliwi, ila mikono inaungua kwa mafuta ya ganda. Tulikuwa tunajipaka majivu, na bado ngozi inabanduka. Malipo ni kwa kilo. Siku njema natoka na 3,000, siku mbaya 1,500. Ukijumlisha mwezi mzima inaipita ruzuku, na hapo ndipo woga ulipoanza.

Sikumwambia mtu. Natoka alfajiri kabla majirani hawajafagia nyua zao, narudi giza limeingia. Binti yangu nilimfundisha kusema "mama amekwenda kwa mjomba". Mtoto wa miaka minane nikamfundisha uongo, na hili hata leo linanichoma kuliko yale mafuta ya korosho.

Kisha nikanunua mabati. Nilikusanya msimu mzima, nikapata 12 ya geji 30. Nyumba yangu ilikuwa ya makuti na ilikuwa inavuja pande mbili. Lakini nilijua dodoso linauliza nyumba imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini, una mifugo, una baiskeli. Nikajiambia wakiona bati limeng'aa juu ya paa la mlengwa, nimekwisha. Basi nikayapeleka kwa mjomba, Newala, akayalaza chini ya kitanda chake. Mvua za mwaka ule, kuanzia Desemba hadi Aprili, wanangu walikuwa wanahama na mkeka kutoka kona hii kwenda kona ile, na mabati yao yako makavu kabisa huko Newala. Mdogo akaugua kifua. Mjomba alipokuja kutuona aliinua macho akatazama paa, hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Siri yenyewe haikudumu. Kwenye mkutano wa mtaa jirani mmoja alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu mguu wake unauma siku ya kupokea tu. Siku ya kubangua hauumi." Watu wakacheka. Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado unajaribu.

Jina halikukatwa siku ile. Lilikuja kupotea mwaka 2020, na si kwa sababu niliyoiogopa. Kipindi cha pili cha mpango kilizinduliwa Februari mwaka ule, na baada yake kukawa na uhakiki wa kaya. Tangazo nililisikia, siku niliijua. Nikaomba ruhusa, msimamizi wetu akanijibu, "Ukitoka leo usirudi kesho." Nikabaki kubangua. Waliofika nyumbani walimkuta binti, naye akasema lile nililomfundisha: mama hayupo, amekwenda kwa mjomba. Wakaandika alichosema.

Majina yaliposomwa, langu halikuwemo. Nililia nikiamini korosho zimeniponza. Nilikwenda kufuatilia mara tatu, gongo likichimba mchanga njia nzima, mpaka mwezeshaji mmoja akanionyesha sababu iliyoandikwa. Hapakuwa na neno korosho, wala kibarua, wala mshahara. Niliandikiwa kwamba sikupatikana. Nikajaza malalamiko, mashahidi wakaja, nikarudishwa, lakini madirisha yaliyopita yalikuwa yamepita.

Sasa dada yangu wa Nachingwea, na wengine wote mnaoniuliza kwa kunong'ona, sikilizeni.

Hakuna anayekuja mlangoni kudai hati ya mshahara wa mbangua korosho. Jamii inapotaja kaya masikini inatazama mambo kama kipato duni kisicho cha uhakika, milo isiyotimia na makazi duni. Kumenya viazi siku tatu, kwa hiari ya mwenye mgahawa, ni kipato cha uhakika? Leo ana wateja, kesho hana. Na mpango wenyewe una ajira za muda. Kipindi changu walengwa walikuwa wanachimba mitaro na kutengeneza barabara kwa 2,300 kwa siku. Mpango unaokuita kazini utakufukuzaje kwa sababu umefanya kazi?

Kinachokula ruzuku ni kutokuwepo. Ruzuku ya masharti inafuata mahudhurio: mtoto wa kliniki asipopelekwa, wa shule akikosa darasa, pesa zinapungua. Mimi ilinitokea. Nilipitisha kliniki kwa ajili ya kilo za korosho, dirisha lililofuata nikapokea pungufu, nikawa nimefanya kazi ya kujilipa hasara. Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo kwa mwenye kazi, mwambie siku zako: siku ya kliniki, siku ya malipo, siku ya uhakiki. Mwambie kabla, si asubuhi yenyewe. Na nyumbani mwachie mtu mzima anayejua uko wapi na atakayesema ukweli. Narudia, ukweli. Ukiulizwa unafanya nini, sema unabangua, unamenya, unafua. Uongo mdogo wa mtoto wangu ulinigharimu kuliko kibarua chote.

Tena msichanganye mambo. Kaka mmoja wa Mikindani aliniuliza kama haya yanahusu pensheni ya ulemavu ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Hapana. Ile inatokana na michango yako ya kazini na ina masharti yake ya kitabibu, na aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi na ulio chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo. Kila mfuko na mlango wake. Kaya haiingizwi kwenye mpango huu kwa sababu tu una ulemavu, inaingizwa kwa sababu ni masikini, na ndiyo maana kaya ikiinuka, inahitimu, yaani inatoka kwenye mpango.

Na hapa nataka tusemezane wenyewe kwa wenyewe, sisi wenye magongo na baiskeli za magurudumu matatu. Tumezoea kuogopa kuonekana tunaweza. Tunakalia vipaji vyetu ili tusikatwe 20,000. Wenzangu, ruzuku haikuletwa itulipe kwa kukaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni sisi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo 10 ni fungu letu. Ni nani atakwenda kulichukua kama sote tumejificha ndani tukilinda majina yetu?

Miaka ya katikati siwachoshi nayo. Tulikuwa watano, tukaunda kikundi, tukabangua cha kwetu, tukafungasha, tukauza stendi. Mabati niliyarudisha kutoka Newala mwaka 2021, mjomba mwenyewe akashika nyundo. Hakuna aliyenikata jina kwa bati. Mwaka 2024 baada ya tathmini niliambiwa kaya yangu imehitimu, na nakiri nilitetemeka, kisha nikasimama mkutanoni palepale niliposemwa, nikashukuru kwa sauti. Walipiga makofi. Yule jirani naye alipiga, nilimwona.

Dada wa Nachingwea nilimjibu usiku uleule: nenda, lakini kwanza zungumza na mwenye mgahawa kuhusu siku zako. Asubuhi hii ameniandikia tena. Amekubaliwa asifike siku za malipo na za kliniki, na mama mkwe atabaki nyumbani siku ya uhakiki ikimkuta kazini. Anaanza Jumatatu.