Hesabu Chungu Kabla ya Kununua Kopo

Tangu nilipoacha kula nyama, samaki, mayai na maziwa, yapata miaka sita sasa, swali ninaloulizwa zaidi hapa Lamu ni moja: "Nguvu utazipata wapi?" Mimi ni mke wa mvuvi, na nyumba yetu iko Langoni, ambako samaki huingia jikoni kabla jua halijawa kali, kwa hivyo ninaelewa kwa nini jamaa zangu waliona kwamba ninajitesa bure. Hofu hiyo ya kukosa nguvu ndiyo iliyonifanya, katika mwaka wa kwanza, ninunue kopo la unga wa protini katika duka moja la Mombasa, kwa kuwa tu mbele yake palichorwa jani la kijani. Nilipofika nyumbani na kuyasoma maandishi madogo ya nyuma nikakuta wei, yaani protini ya yale maji ya maziwa yanayobaki jibini linapotengenezwa. Kopo nikampa mpwa wangu, na tangu siku hiyo husoma nyuma kwanza.

Lakini kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kununua kabla ya kuhesabu. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na sisi tunaotegemea mimea pekee tunashauriwa kuongeza kidogo, tufike kama gramu 1, kwa sababu protini ya nafaka na ya jamii ya kunde haimeng'enywi yote tumboni. Mimi nina kilo 60, basi nalenga gramu 60. Sasa tazama siku yangu ya kawaida. Asubuhi nala kikombe cha mbaazi za nazi, ambacho kina gramu 11 hivi, pamoja na mahamri mawili niliyoyakanda kwa tui bila maziwa, gramu 6. Mchana ni wali, gramu 6, na kikombe cha maharagwe, gramu 15. Alasiri nikitafuna konzi ya njugu napata gramu 7, na usiku kikombe cha pojo kina gramu 14, na chapati moja gramu 5. Jumla ni gramu 64, na hapo sijahesabu mchicha wala kisamvu. Nazi sikuihesabu kwa makusudi, kwa kuwa wengi huidhania kuwa na protini nyingi, ilhali inachotia chunguni hasa ni mafuta na ladha.

Wapo watakaokwambia kwamba protini ya mimea ni pungufu. Ni kweli kwamba mchele na ngano vina uhaba wa laisini, mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na kwamba mbaazi na maharagwe vina laisini ya kutosha lakini kidogo ya asidi amino nyingine, methionini. Ila mwenye kula mahamri kwa mbaazi, au wali kwa maharagwe, amekwisha kuviunganisha, na wala si lazima vikutane katika sahani moja, maadamu vimeliwa ndani ya siku ile ile. Kinachohitaji bidii ni mapishi. Mbaazi kavu huzichagua juu ya uteo, nikitoa vijiwe na zilizotobolewa na wadudu, nikaziroweka usiku kucha na kuyamwaga maji yale asubuhi, na hapo ndipo huiva laini na kutulia tumboni. Aliyezipika kwa haraka zikamjaza gesi hulaumu mbaazi, na ndiye huyo hukimbilia kopo.

Ikiwa fedha zako ni za kununua kitu kimoja tu, basi usinunue unga. Nunua vitamini B12. Mimea haitupatii vitamini hiyo kwa kutegemewa, hata ule mwani uitwao spirulina unaosifiwa sana, na upungufu wake huweza kujificha kwa miaka kabla ya kuleta upungufu wa damu na madhara ya neva. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu nimekutana na vijana wenye makopo mawili ya protini nyumbani ambao B12 hawajawahi hata kuisikia.

Hata hivyo, siwezi kusema kwamba unga hauna kazi. Mpwa wangu niliyemtaja ana kilo 75 na hunyanyua vyuma. Kwa mazoezi kama hayo gramu 1.6 kwa kilo si nyingi, nazo ni gramu 120 kwa siku, kiasi ambacho kwa maharagwe peke yake ni vikombe vinane. Mwezi wa Ramadhani nami hutumia unga wakati wa daku, kwa kuwa baina ya futari na daku tumbo halipokei bakuli zote nilizozitaja. Wazee nao huhitaji zaidi ya zile gramu 0.8, yaani gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, katika umri ule ule ambao meno na hamu ya kula vinapungua. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini bila kumwuliza daktari wake.

Ukishaamua kununua, tazama kipimo cha kutumia mara moja kabla ya namba kubwa. Kopo moja litajigamba kuwa na gramu 30 za protini, kumbe kipimo chake ni vijiko viwili vyenye jumla ya gramu 60, na nusu yake ni sukari na unga wa kujazia. Mimi hutaka angalau gramu 21 katika kila gramu 30. Gawa bei kwa jumla ya protini: kopo la gramu 900 la aina hiyo lina gramu 630 za protini, na kilo tatu za pojo kavu zinakupa zaidi ya hizo, basi nenda sokoni ukalinganishe bei. Kwa aina za unga, soya ina asidi amino zote muhimu kwa kiasi kizuri. Njegere huifuata kwa karibu. Unga wa mchele peke yake siupendekezi, kwa upungufu wa laisini na kwa sababu mpunga hufyonza sumu ya aseniki kutoka ardhini. Vilevile kakao inayotiwa kwa ladha huweza kubeba madini yenye sumu ya kadimi na risasi, ndiyo maana huchagua unga usio na ladha, wenye alama ya kupimwa na maabara huru, kama vile NSF au Informed Choice. Jihadhari na kolajeni, ambayo hutokana na wanyama, na vitamini D3, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya sufi ya kondoo. Nunua kopo dogo, kwa sababu unyevunyevu wa pwani hii huugandisha unga kabla hujafika nusu.

Mavyaa alipougua mwaka jana alishindwa kutafuna, na mbaazi alizozipenda maisha yake yote zikawa zinarudi jikoni kama zilivyokwenda. Nilichukua kijiko kimoja cha unga wa njegere, nikaukoroga kwanza kwa maji baridi hadi mabonge yote yakaisha, kisha nikautia katika uji wa wimbi uliokwisha epuliwa, maana ukitiwa mkavu katika uji wa moto hushikana vidonge visivyovunjika. Aliunywa wote, akaniuliza, "Mwanangu, leo umetia karanga?" Nikamweleza ni njegere, naye akanirudishia kikombe nimwongeze.